Ronaldo Yupi? Jamani Mastaa Gawaneni Majina

Mi nina ugomvi na mastaa, na ugomvi wenyewe umeanzia kwenye kochi langu mwenyewe. Nimekaa na kijana wangu tunaangalia mpira, yeye katulia, mi nimetulia, nikasema ngoja nimchangamshe mtoto, nikamwambia mwanangu hawa wa saivi wanakimbia tu, we hujamuona Ronaldo. Kijana akanigeukia polepole, akaniangalia vile watu wanavyomwangalia mgonjwa anayeweweseka, akasema "Baba, Ronaldo si ndo huyu hapa?" Nikamwambia siyo huyo, Ronaldo. "Ndo huyuhuyu." Nikasema Ronaldo mwenyewe bwana, Ronaldo Ronaldo! Akaniuliza, tena kwa upole kabisa, "Kwani kuna mwingine?"

Kwani kuna mwingine!! Nilihisi mshipa wa shingo unacheza. Mtu kazaliwa 1976, kachukua Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora, 1997, karudi kaichukua tena 2002, fainali ya Kombe la Dunia mwaka huohuo kawapiga Wajerumani mbili bila na zote mbili kafunga yeye, tena na ule unyoaji wake wa kuacha kipande cha nywele juu ya paji la uso kama kisiwa kilichosahauliwa baharini, leo huyo ndo anaitwa "mwingine". Ukitaka aeleweke lazima umpachike mkia, Ronaldo de Lima, Ronaldo wa Brazil, Ronaldo wa zamani, na wasio na adabu wanasema Ronaldo kibonge. Wakati jina alikuwa nalo yeye kwanza! Huyu wa kijana wangu, Cristiano Ronaldo, kazaliwa 1985, na hilo la Ronaldo wala hakulitoa kwa Mbrazil, wazazi wake walimpa kwa ajili ya Ronald Reagan, yule rais wa Marekani, baba yake alikuwa anampenda Reagan tangu enzi zake za uigizaji. Yaani ni magari mawili yamekutana kwenye njia nyembamba, halafu aliyetangulia kuingia ndo anaambiwa rudi nyuma.

Na wenyewe hawatusaidii hata kidogo. Wote wawili wamecheza Real Madrid, haya sawa, dunia ndogo. Lakini Mbrazil pale Madrid alivaa jezi namba 9, na Cristiano alipofika 2009 akakuta namba 7 iko mgongoni kwa Raúl, akavaa nini msimu wa kwanza? Namba 9. Ronaldo, Madrid, jezi namba 9. Haya sasa we niambie ni nani, halafu ndo useme mi nazeeka.

Ila tatizo la Ronaldo lina mizizi mirefu, na mizizi yote iko Brazil. 1994 wanaenda Kombe la Dunia, kikosini wana beki anaitwa Ronaldo na kijana wa miaka 17 anaitwa Ronaldo. Wenzetu lugha yao ina dawa ya mambo haya, beki akaitwa Ronaldão, yaani Ronaldo mkubwa, na kijana akaitwa Ronaldinho, Ronaldo mdogo. Ni kama sisi tungesema Jironaldo na Kironaldo. Nilivyojua hivyo nilifurahi sana, nikasema angalau kuna mahali ngeli zinafanya kazi ya maana. Furaha ikaisha haraka. 1996 wanaenda Olimpiki Atlanta, yule Jironaldo hayupo, ila kuna beki mwingine tena anaitwa Ronaldo, kwa hiyo kijana mgongoni kaandikiwa Ronaldinho, na mwaka huohuo FIFA wakamtangaza mchezaji bora wa dunia. Kironaldo bora wa dunia! Basi akapandishwa cheo, ki- ikatolewa, akawa Ronaldo mzima. Ile ki- si imebaki haina mwenyewe? Akaja kijana mwingine ana meno na ana raha zake, naye jina la kuzaliwa ni Ronaldo, Ronaldo de Assis Moreira, akaokota ki- iliyoachwa, akawa ndo Ronaldinho tunayemjua. Kwao wakawa wanamwita Ronaldinho Gaúcho, asije akachanganywa na yule Ronaldinho ambaye sasa ni Ronaldo. 2002 wakawapanga wote wawili mbele, na katikati yao wakamweka Rivaldo, ili mtu anayesikiliza kwenye redio afe kabisa.

Na hawahawa Wabrazil ndo waliotupa Pelé, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Edson, alipewa kwa heshima ya Thomas Edison wa balbu, kwa hiyo hata yeye alianza maisha na jina la staa mwingine. Halafu Ghana nao wakatoa wao, Abedi Ayew, fundi haswa, mchezaji bora wa Afrika 1991, 1992 na 1993, miaka mitatu mfululizo, jina lipo zuri fupi linatosha, hapana, akawa Abedi Pele. Sasa mtu anayesikiliza kwa Kiswahili anateseka mara mbili, maana upele ukiwa mmoja unavumilika, pele zikishakuwa nyingi zinawasha.

Wa mpira nawasamehe kidogo, wanabatizwa na mashabiki. Hawa akina Michael je? Ukisema MJ mwenzako hajui kama mnaongelea kucheza dansi au kudanki. Michael Jackson, MJ. Michael Jordan, MJ. 1992 wakaona haitoshi, wakatokea wote kwenye video moja, MJ anamfundisha MJ kucheza kikapu halafu MJ anamfundisha MJ kucheza dansi, na wanacheka, kwao ni mchezo. Af ukisema basi mi nitataja jina kamili nisichanganye watu, nasema Michael Jordan, kuna muigizaji anaitwa Michael B. Jordan, na kuna profesa mkubwa wa kompyuta Marekani anaitwa Michael I. Jordan, watu wa akili bandia wanamheshimu kuliko hata yule wa kikapu. Kwa hiyo mustakabali wa uelewano duniani umening'inia kwenye herufi moja hapo katikati. Ila yule wa B nampenda, maana hiyo B ni Bakari. Bakari jamani! Mtu ana Bakari ndani ya jina anaificha kwa nukta! Angejiita Bakari Jordan leo tungekuwa tunalala usingizi.

Hapo ndo nikauliza, hivi hawa watu hawana chama? Kumbe wanacho. Waigizaji wa Marekani chama chao kina sheria kwamba wanachama wawili wasitumie jina moja, nikasema alhamdulillah, watu wenye akili. Subiri uone utekelezaji wake. Kuna kijana kaenda kujiandikisha, anaitwa Michael Fox, akaambiwa Michael Fox yupo, ongeza herufi. Jina lake la kati ni Andrew. We ungeongeza nini? Yeye kaongeza J. Michael J. Fox, J ambayo haimo popote kwenye majina yake, kaitoa kwa muigizaji mwingine aliyemkubali. Emma Stone siyo Emma, ni Emily, Emily Stone alishakuwepo.

Lakini kesi inayoniuma mi ni ya Keaton. Michael Keaton huyu wa Batman jina lake la kuzaliwa ni Michael Douglas. Kafika kazini akakuta Michael Douglas yupo tayari, akaambiwa tafuta jingine, akatafuta, akawa Keaton. Sawa, sheria ni sheria. Sasa twende kwa yule Michael Douglas aliyetangulia. Baba yake ni nani? Kirk Douglas. Na Kirk Douglas alizaliwa anaitwa nani? Issur Danielovitch! Hilo la Douglas kajichagulia ukubwani! Yaani mwenye Douglas ya ukoo, Douglas ya babu na bibi, kafukuzwa kwenye jina lake na mtoto wa mtu aliyelipata jina hilo kwa kulipenda tu. Niliposoma hiyo habari niliweka simu chini nikazunguka sebule mara mbili. Mke wangu akauliza kuna msiba? Nikamwambia ndiyo, wa Keaton. Akaendelea na mambo yake.

Tena huyo mke wangu naye ana lake. Yeye na binti yetu wana waigizaji wao akina Chris wanne, Evans, Hemsworth, Pratt na Pine, na wanaweza kukaa jioni nzima wanabishana Chris yupi ni Chris zaidi, mi nikiuliza kwani tofauti yao ni nini naambiwa nitoke nje.

Wanasiasa sitaki hata kuwagusa, ila Bush lazima niwaambie. 1991 rais wa Marekani George Bush anapigana na Iraq ya Saddam. 2003 rais wa Marekani George Bush anapigana na Iraq ya Saddam. Mtu akilala usingizi wa miaka 12 akaamka akawasha redio, ataamini kapitiwa na kausingizi tu. Mmoja ni George H. W. na mwingine ni George W., yaani tofauti ya baba na mwana ni hiyo H, na mtangazaji akiwa na haraka H ndo ya kwanza kuangushwa.

Wa zamani walijitahidi, waliweka namba. Lakini namba nazo zina vituko vyake, hebu mchukueni Cleopatra, malkia wa Misri. We unadhani Cleopatra alikuwa mmoja, yule wa Kaisari na Antony. Yule ni wa saba! Sita waliomtangulia hakuna anayewasalimia hata kwa bahati mbaya. Na nyumbani kwao sasa ndo balaa, baba yake Ptolemy wa 12, akaja akaolewa na mdogo wake Ptolemy wa 13, huyo alipokufa akaolewa na mdogo wake mwingine, Ptolemy wa 14, halafu akazaa na Kaisari mtoto wa kiume akamwita nani? Ptolemy, wa 15. Yaani yule mama akisimama uani akaita "Ptolemy!" anatoka baba, mume au mtoto, na kila mmoja ana haki ya kuitika. Mapapa nao walihesabu akina Yohane mpaka wa 23, na ukihesabu vizuri wa 20 hayupo, walimruka kwenye hesabu. Hao ni watu wenye makarani na maktaba, sembuse mimi na simu yangu ambayo ina Fulani Fundi, Fulani Mrefu, Fulani Yule na Fulani Usipokee.

Nasema Fulani kwa sababu jina langu sitalitaja, ila ni moja ya yale ambayo ukiita kwenye umati wanageuka saba. Kazini tuko watatu. Kuna Fulani Mrefu, kuna Fulani wa Gari, halafu kuna Fulani Siyo Hao.

Bingwa wao wote lakini ni George Foreman, yule bondia, aliyepigwa na Ali kule Kinshasa 1974 raundi ya nane. Alikuwa na watoto wa kiume watano. Wa kwanza kamwita George. Wa pili George. Wa tatu George. Unadhani hapo alishtuka? Wa nne George na wa tano George! Af binti mmoja akamwita Georgetta, maana mkono ulishazoea. Mwenyewe alikuwa anatania kwamba ukishapigwa ngumi na watu aliopigwa nao yeye, utaona kama utakumbuka majina mengi. Nilicheka sana siku nilipoisoma hiyo, nikampelekea mke wangu aone, nikamwambia ona mwanaume huyu, ana kiburi gani cha kujirudufu hivi. Mke wangu hakucheka. Aliniangalia tu.

Haya, kuna kitu sijawaambia. Kijana wangu, huyu wa kwenye kochi, naye anaitwa Fulani. Alipozaliwa nilikuwa na furaha iliyopitiliza na watu wote wa kunizuia walikuwa mbali. Kwa hiyo mke wangu kwa heshima ananiita Baba Fulani, na Fulani ni mimi, maana yake mi ni baba yangu mzazi, na sijawahi kujipa hata baraka. Mwanzoni ilikuwa raha, mi ndo Fulani, yeye Fulani mdogo, Kifulani, kila kitu kwenye mpangilio wa Kibrazil. Sikuona siku ki- ilipodondoka. Nilishtukia tu watu wanagonga mlango, wanauliza Fulani yupo, nikisema ndo mimi karibuni, wananiambia "Shikamoo mzee, samahani, tulikuwa tunamtaka Fulani."

Basi siku ile ya ubishi wetu, mi na kijana tumenuna kila mtu upande wake wa kochi, mama yao akaita kutoka chumbani, "Fulani!" Nikanyanyuka, si ni jina langu, ninalo tangu kabla huyu hajawazwa. Nimefika mlangoni nikaambiwa "Siyo wewe, Mzee. Namwita Fulani."

Kijana akapita pembeni yangu kwenda kuitikia, wala hakusema kitu, ila nilimuona anavyobana midomo. Nikarudi nikakaa. Kwenye TV walikuwa wanajiandaa kupiga penalti na mtangazaji anapiga kelele Ronaldo, Ronaldo, Ronaldo, na hakuongeza hata neno moja la kusema ni yupi.