Eneokazi la Pande Tatu: Kina Chake Kinamsaidia Nani?

Kila baada ya miaka michache hujitokeza mhandisi au kampuni na kutangaza kwamba eneokazi la kompyuta tulilolizoea limepitwa na wakati. Madirisha bapa yanayolaliana, aikoni kwenye mistari, menyu: asili ya haya yote ni maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, miaka ya 1970. Mengi yake yaliingia sokoni na kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981, Macintosh ya Apple ikayasambaza kuanzia 1984, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Wakati huohuo, chipu ya michoro iliyomo hata kwenye kompyuta ya bei nafuu ina uwezo wa kuchora mji mzima wa mchezo wa video, wenye barabara, vivuli na magari. Kwa nini basi nguvu zote hizo ziishie kwenye kuchora mistatili?

Nalipenda wazo la eneokazi la pande tatu, yaani lenye kina kama chumba badala ya kuwa bapa kama karatasi. Kwa sababu hiyohiyo naona linastahili kupimwa kwa makini kuliko linavyopimwa na wanaolishangilia baada ya kutazama video ya dakika mbili, au na wanaolitupa kwa neno moja.

Jaribio lililofika mbali kuliko mengi ni Project Looking Glass, mradi wa kampuni ya Sun Microsystems. Mhandisi Hideya Kawahara aliuanza kama kazi ya pembeni. Wakubwa wake walipouona wakauchukua, na Jonathan Schwartz, mmoja wa wakuu wa Sun, akauonyesha hadharani mwaka 2003. Mwaka uliofuata msimbo wake ulifunguliwa kwa kila mtu, na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2006. Uliandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Ndani yake, dirisha lilikuwa na mbele na nyuma. Uliweza kuligeuza, ukaandika dokezo mgongoni mwake, tuseme kwamba barua hii ijibiwe kabla ya Ijumaa, kisha ukaligeuza tena na kuendelea na kazi. Dirisha usilolihitaji kwa muda ulilisukuma kando, likajigeuza ubavu na kusimama ukingoni mwa skrini, jina lake likisomeka kwenye unene wake.

Uzito wa mradi huo kwa wakati ule unaonekana katika kisa alichokisimulia Schwartz mwenyewe mwaka 2010. Baada ya maonyesho, Steve Jobs alimpigia simu kumwambia kwamba michoro ya Looking Glass inaingilia haki miliki za Apple, na kwamba Sun ikijaribu kuiuza itashtakiwa. Schwartz akamkumbusha kuwa Keynote, programu ya slaidi ya Apple, inafanana sana na Concurrence, programu ya kampuni aliyoiongoza zamani, na kwamba mfumo wa Mac wenyewe umejengwa juu ya Unix, familia ya mifumo endeshi ambamo Sun nayo ilikuwa na haki zake. Jobs akanyamaza, na suala hilo halikuendelea. Hata hivyo Looking Glass haukuwahi kuwa eneokazi la kila siku la watu wengi, na Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 mradi ulikuwa umekwishapoa.

Ulishindwa kwa sababu ya biashara, au wazo lenyewe lina kasoro? Hapo ndipo pande mbili zinapogawana.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa wanaounga mkono ni kumbukumbu ya mahali. Mpishi huijua chumvi ilipo hata umeme ukikatika, mkono unaenda wenyewe. Folda zilizotiana ndani, safu juu ya safu, haziupi mkono nafasi hiyo, maana kila kitu kina jina lakini hakina mahali pake. Na hoja hii imewahi kupimwa. Mwaka 1998 George Robertson, Mary Czerwinski na wenzao wa Microsoft walitengeneza Data Mountain, uwanja ulioinama kama mteremko ambapo mtu alipanga vijipicha vya kurasa 100 za wavuti kwa namna aliyoitaka mwenyewe. Walioutumia walizipata kurasa zao haraka kuliko waliotumia orodha ya vipendwa ya kivinjari cha Internet Explorer 4. Walipoitwa tena miezi kadhaa baadaye, bado walikumbuka wapi waliweka nini.

Kwa miaka mingi wajenzi wa maeneokazi ya pande tatu wameutaja utafiti huo kama ushahidi wao. Lakini Data Mountain ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja: ilimpa mtu uhuru wa kupanga vitu mahali, na ikaongeza kina. Kipi kati ya hivyo kilicholeta faida? Andy Cockburn na Bruce McKenzie wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walivitenganisha. Mwaka 2001 walilinganisha mpangilio wa aina hiyo wenye kina na usio na kina, na hawakuona tofauti ya maana katika kasi ya watu, ingawa washiriki walisema wanaupenda zaidi ule wa pande tatu. Mwaka 2002 wakaenda mbele: wakalinganisha pande mbili, mbili na nusu (yaani kina cha kiasi tu), na tatu, kwenye skrini na pia kwa vitu halisi vya kushikwa kwa mkono. Kadiri uhuru wa kuzama ndani ulivyoongezeka, ndivyo watu walivyozidi kuchelewa na kulalamika kwamba vitu vimesongamana.

Nayapa matokeo hayo uzito mkubwa, hasa hilo la vitu halisi, kwa kuwa linaondoa kisingizio kwamba tunangoja tu teknolojia iwe bora. Kinachomsaidia mtu kukumbuka ni mahali, na mahali panapatikana hata kwenye uso bapa. Kina huja na gharama yake: kitu kilichoko nyuma hufichwa na kilichoko mbele. Macho yetu hayaoni vitu vizima, yanaona upande ulioyaelekea. Barabarani tunalipunguza tatizo hilo kwa kusogeza kichwa bila hata kufikiri, lakini mbele ya kioo cha kompyuta kusogeza kichwa hakubadilishi chochote. Inabidi uizungushe kamera kwa kipanya, nacho kinajua kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, basi. Mwelekeo wa tatu unauomba kwa gurudumu au kwa kushikilia kitufe. Kazi ya kutafuta barua moja imegeuka kuwa safari.

Ulimwengu wa pande tatu pia huja na sheria zake, hata zile ambazo mjenzi hakuzitaka. Dennis Chao wa Chuo Kikuu cha New Mexico alionyesha hilo vizuri alipotumia Doom, mchezo wa video wa kupiga mazimwi risasi, kusimamia michakato, yaani programu zinazoendeshwa kwenye kompyuta ya Unix. Kila mchakato ulikuwa zimwi lenye jina lake. Kulipiga risasi ni kupunguza kipaumbele cha mchakato, kuliua ni kuuzima. Kwa mtazamo wa kwanza wazo lina mantiki nzuri: chumba kikijaa mazimwi unajua papo hapo kwamba mashine imeelemewa. Lakini katika Doom mazimwi hupigana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo michakato ikawa inauana bila amri ya mtu. Nalitaja jaribio hili kwa heshima, kwa sababu limefanya wazi jambo ambalo wengine hulifunika kwa urembo: ukiazima ulimwengu, unaazima na tabia zake.

Tuje kwenye ujenzi wenyewe, kwani hapa ndipo vijana wengi wanaotaka kujaribu hukwama. Kuchora dirisha lililopinda ni rahisi. Unaichukua picha yake, unaibandika kwenye mstatili, unaizungusha kwa nyuzi 40, na chipu ya michoro inamaliza kazi. Ugumu unaanza mtumiaji anapobofya. Kipanya kinasema kimegusa nukta fulani ya skrini. Programu iliyomo ndani ya dirisha bado inaamini kwamba imenyooka, na kitufe chake cha kuhifadhi kiko kwenye kona ya juu. Lazima utume mstari wa kufikirika kutoka jichoni kupita nukta ile hadi kwenye dirisha, ujue umelichoma wapi, kisha uikokotoe nukta hiyo kinyume mpaka irudi kwenye vipimo ambavyo programu inavielewa. Na ufanye hivyo kila kipanya kinaposogea. Kwenye Linux ya wakati ule, seva ya X, programu inayoonyesha madirisha na kuyapelekea mibofyo, haikuwa na habari kwamba dirisha limepindwa. Watu wa Looking Glass ilibidi waifanyie marekebisho. Compiz, programu ya David Reveman wa Novell iliyotoka mwanzoni mwa 2006 na kuwavutia wengi kwa mchemraba wake unaozunguka, kila uso ukiwa eneokazi moja, haikuwa na njia hiyo, na ndiyo sababu mchemraba ulipokuwa ukizunguka hukuweza kubofya kitu ndani ya madirisha yake.

Maandishi nayo hupata shida. Herufi zilizosanifiwa zikae sawasawa kwenye nukta za skrini huchakaa zikipindwa, na sehemu kubwa ya kazi ya kompyuta ni kusoma.

Hata hivyo atakayesema kwamba juhudi hizo zote zilipotea bure atakuwa amekosea sana. Zamani kila programu ilichora moja kwa moja kwenye skrini. Ukisogeza dirisha, lililokuwa chini yake liliombwa lijichore upya, na ukabaki unatazama madoa. Mac OS X 10.2 ya mwaka 2002, Compiz ya 2006 na Windows Vista ya 2007 zilileta utaratibu mwingine: kila programu inachora kwenye karatasi yake ndani ya kumbukumbu, kisha chipu ya michoro inaziunganisha zote kuwa picha moja. Huo ndio msingi wa kila eneokazi la leo, na wa simu iliyoko mfukoni mwako. Mtambo wa pande tatu umeshinda kabisa. Kilichoshindwa ni chumba cha pande tatu.

Tazama jinsi kampuni mbili zilivyoutumia mtambo huohuo. Mwaka 2003 Apple ilileta Exposé: unabonyeza kitufe kimoja, madirisha yote yanapungua na kusambaa mpaka hakuna linalolificha jingine. Miaka minne baadaye Vista ikaja na Flip 3D: kitufe cha Windows pamoja na Tab, na madirisha yanajipanga mshazari, moja nyuma ya jingine, nawe unayapitia moja baada ya jingine. Flip 3D ilipendeza zaidi machoni. Lakini Exposé ilitumia nguvu za chipu kuondoa kufichana, na Flip 3D ikazitumia kuzidisha kufichana huko. Windows 8 iliiondoa Flip 3D mwaka 2012. Leo ukibonyeza vitufe vilevile kwenye Windows, unaona madirisha yote bapa, kwa mpigo. Exposé bado inaishi ndani ya Mission Control ya kompyuta za Mac.

Wapo waliolipia urembo huo. Mwaka 2006, kabla Vista haijatoka, kompyuta zilibandikwa nembo ya kuthibitisha kuwa zinaiweza, ilhali baadhi yake, zenye chipu ya michoro ya Intel 915, hazikuweza kuonyesha sura yake mpya ya Aero. Wanunuzi walikwenda mahakamani huko Seattle, na barua pepe za ndani zikafichua kwamba hata Mike Nash, makamu wa rais wa Microsoft, alilalamika kuwa kompyuta aliyoinunua kwa dola 2,100 imebaki ya kusomea barua pepe tu. Kwetu Afrika Mashariki, ambako ofisi na shule nyingi hutegemea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, jambo hili linatugusa moja kwa moja. Wapo pia wanaoumwa. Apple ilipoleta iOS 7, mfumo wa simu zake za iPhone, mwaka 2013, mandhari yenye kina na mikuzo ya ghafla iliwatia baadhi ya watu kizunguzungu na kichefuchefu, na toleo la 7.0.3 likawaruhusu kuizima mikuzo hiyo. Mjenzi anayesahau swichi hiyo anawafungia watu mlango.

Wanaotetea kina wana jibu jipya sasa: miwani. Kwenye Vision Pro ya Apple, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, kusogeza kichwa kunabadilisha unachokiona, na jicho lenyewe ndilo kipanya. Pingamizi mbili kubwa nilizozitaja zinapungua nguvu. Nawapa haki yao hapo. Lakini kifaa kina uzito unaozidi gramu 600 usoni, na ukivaa utaona kwamba madirisha ya kazi bado ni mistatili bapa, imetundikwa tu hewani. Hata waliokuwa na chumba kizima cha kuchezea waliamua kuwa maandishi yakae kwenye uso mnyoofu.

Hivyo kwa anayeanza kujenga leo, ningemshauri aanzie kwenye mgongo wa dirisha wa Kawahara. Hapo kina kinatumika kwa sekunde mbili tu, kinabeba habari ambayo uso wa mbele hauna nafasi nayo, na hakifichi kitu cha mtu. Akitaka kujenga chumba kizima, mpinzani wake si eneokazi bapa tena, ni kisanduku cha kutafutia. Tangu Spotlight, kitafutio cha Mac cha mwaka 2005, mtu anayekumbuka neno moja la waraka wake hahitaji kukumbuka alikouweka. Basi na achukue watu, wapange nyaraka 100 ndani ya chumba hicho kwa mikono yao, waende zao, warudi baada ya miezi minne, na saa ihesabu nani ameufikia waraka wake kwanza: wao, au wenzao walioandika maneno mawili kwenye kisanduku.