Kodi ya Nyumba Nisiyo Nayo

Mimi sina nyumba. Nina chumba kimoja cha kupanga, feni, na deni dukani kwa Mangi. Lakini kodi ya majengo nalipa, tena kwa wakati.

Mita yetu ni moja, vyumba sita. Anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, wa kwanza mwezi unapoanza ndiye anakatwa kodi hiyo, 1,500. Basi ikifika tarehe moja usiku, umeme ukizima, humsikii mtu. Vyumba sita giza, watu wazima wamejilaza kimya wanajikoholesha, kila mmoja anangoja mwenzake azidiwe. Mama Asha aliwahi kula ugali gizani siku mbili, mwanamke ana roho ngumu yule. Juzi nikazidiwa mimi, kwa sababu ya mechi. Nikatuma elfu mbili. Ikaingia uniti moja na kitu. Wenzangu wote wakaamka muda huohuo, wakawasha taa.

Asubuhi nikamfuata baba mwenye nyumba. "Shikamoo mzee. Kodi ya jengo si ya mwenye jengo?" "Marahaba mwanangu. Ni kweli kabisa, tutakatana kwenye kodi ya chumba." Tumeanza kukatana 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi, ikapanda 2023, na bado hatujamaliza kukatana. Nalipa kodi ili nikae, na nalipa kodi kwa kuwa nimekaa.

Nikapanda kwa diwani, nikijua pale pana mwenye hela yangu, azibue hata mtaro. Akacheka kwa uchungu. "Hiyo ilikuwa yetu, ndugu yangu. TRA, mamlaka ya mapato, wakaichukua 2016, sasa iko kwenye mita. Tukitaka kutoza kingine, sheria ndogo ya halmashauri haiendi popote mpaka waziri aridhie." Nilikwenda kugomba, nikajikuta nampa pole. Tena nikamnunulia soda.

Sisemi halmashauri ziachiwe zitoze zinavyotaka, jamani. Kodi ya kichwa tunaikumbuka, kabla haijafutwa 2003. Baba mdogo alikuwa akiona mgambo, anapotelea kwenye mahindi mpaka jua lizame. Na ushuru wa mazao nao ulikuwa hadi asilimia 5. Mwaka 2017 Bunge likashusha: 3 kwa ya biashara, 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukapita bure. Mwaka jana nimetoka kijijini na gunia nne, njia nzima nafanya mazoezi ya kubishana getini. Nimefika, kijana wa mashine ya ushuru kachungulia, kasema, "Pita mzee." Basi! Hotuba yote ile nimerudi nayo nyumbani.

Sasa tarehe moja inakuja tena. Nimeshawaaga majirani kwamba nakwenda msibani. Mama Asha ameniuliza amefariki nani, nikamwambia bado hatujapata taarifa kamili.