Viza ya Thailand haikusamehi kodi

Ukiuliza habari za kodi kwenye makundi ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa Bangkok au Chiang Mai, utajibiwa kabla hujamaliza kuandika: hela yako usiiingize kwenye benki ya Thailand, kodi haikuhusu. Kwa maoni yangu jibu hilo ni bovu, na ubovu wake si wa pembeni. Limekosea mahali pa kuanzia.

Tuichukue viza ambayo wengi wanaiomba sasa, DTV (Destination Thailand Visa), inayowalenga pia wanaofanya kazi kwa mbali, iliyoanzishwa Julai 2024. Inadumu miaka 5, kila ukiingia unaruhusiwa kukaa siku 180, na sharti lake kubwa ni kuonyesha kwamba una baht 500,000 benki. Ni viza nzuri, sina ugomvi nayo. Ila anayeitoa ni ubalozi, na ubalozi haukusanyi kodi ya mapato. Wengine wanaichanganya na LTR, viza ya wakazi wa muda mrefu, ile ya miaka 10 iliyoanza Septemba 2022, ambayo baadhi ya makundi ya wenye nayo walisamehewa kodi ya mapato ya nje kwa amri ya kifalme. DTV haikuja na msamaha wa namna hiyo. Halafu linganisha namba mbili: viza inakupa siku 180, na sheria ya kodi ya Thailand inakuhesabu kuwa mkazi ukifikisha siku 180 ndani ya mwaka wa kalenda. Anayekaa mpaka siku yake ya mwisho tayari amegusa mstari.

Sasa hilo la kutoingiza hela. Chanzo chake ni kweli kabisa. Zamani mkazi wa Thailand aliyepata pesa nje alitozwa endapo tu aliziingiza nchini mwaka uleule alipozipata. Watu wakawa wanasubiri Januari, wanaingiza, wanalala usingizi. Mwanya huo ulizibwa kuanzia 1 Januari 2024: mapato ya nje yaliyopatikana kuanzia mwaka 2024 yanatozwa mwaka wowote mkazi atakapoyaingiza. Ndipo ushauri ukageuka kuwa usiingize kabisa.

Lakini kanuni hiyo inahusu mapato ambayo chanzo chake kiko nje: pango la nyumba yako unayoipangisha Sinza, gawio la hisa, faida ya akaunti ya akiba. Mshahara wa kazi unayoifanya ukiwa umeketi Chiang Mai ni jambo jingine. Kifungu cha 41 cha sheria ya mapato ya Thailand kinasema mapato yatokanayo na kazi inayofanyika ndani ya nchi yanatozwa kodi, yalipwe ndani au nje. Mchukulie mbunifu wa tovuti kutoka Arusha, mteja wake yuko Berlin, malipo yanaingia akaunti ya Ulaya. Hata senti moja isipofika benki ya Thailand, kazi imefanyika Thailand. Na hii si hila ya Wathai peke yao. Nchi nyingi zinaangalia mtu alikuwa wapi alipokuwa akifanya kazi, si bosi yuko wapi.

Najua jibu linalofuata: mbona hakuna aliyekamatwa? Pengine. Tangu 2023 Thailand inabadilishana taarifa za akaunti za benki na nchi nyingine, kwa hiyo sitaweka rehani miaka yangu mitano kwa hoja ya kwamba fulani hajaulizwa bado. Tena kwa mwenye kipato cha kawaida kodi yenyewe si ya kutisha kihivyo. Baada ya kutoa punguzo anazoruhusiwa mtu, baht 150,000 za kwanza hazitozwi kitu, na viwango vinapanda polepole hadi 35% kwa wenye zaidi ya baht milioni 5. Ritani, yaani taarifa ya mapato yako kwa mamlaka ya kodi, inawasilishwa kufikia mwisho wa Machi wa mwaka unaofuata.

Wanachokisahau kabisa watu wetu ni nyumbani. Tunaamini ukishapanda ndege TRA au KRA, mamlaka za kodi za Tanzania na Kenya, wamekupoteza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, Sura ya 332, inamhesabu mtu kuwa mkazi wa mwaka husika kama ana makazi ya kudumu nchini na amekuwepo kwa sehemu yoyote ya mwaka huo. Sehemu yoyote! Zile siku 183 wanazozitaja watu ni kipimo kingine, cha asiye na makazi ya kudumu, na kuna cha tatu cha wastani wa zaidi ya siku 122 kwa miaka mitatu mfululizo. Kenya nayo vipimo vyake vinafanana. Kwa hiyo mwenye nyumba Kigamboni, mke na watoto wamo ndani, akija kula Krismasi wiki mbili, anaweza kuwa mkazi wa Tanzania na wa Thailand kwa mwaka mmoja. Na mkazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima.

Hapo ndipo mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili ingesaidia. Tanzania inayo michache, na nchi kama India, Zambia, Afrika Kusini, Italia, Canada na zile za Skandinavia. Thailand haimo. Bila mkataba unabaki na nafuu iliyomo kwenye sheria yetu wenyewe, ya kudai kupunguziwa kodi uliyokwisha kulipa nje, na hiyo unaidai kwa stakabadhi. Yule aliyefuata ushauri wa kujificha Thailand hana stakabadhi hata moja ya kuipelekea TRA. Kukwepa kule kumemnyima kinga huku.

Kuna nchi zilizofanya jambo hili kiungwana. Kroatia imeandika kwenye sheria yake kwamba mwenye kibali cha kufanya kazi kwa mbali hatozwi kodi kwa kipato cha kazi hiyo. Mauritius, kwa Premium Visa yake, inatoza kile tu unachokiingiza nchini, na imefafanua kwamba kulipia chakula kwa kadi ya benki ya nje hakuhesabiki kuwa umeingiza. Mtu anajua moja. Hispania ina kiwango maalumu cha 24% kwa wanaokubaliwa, lakini ombi lina dirisha la miezi 6, na ukichelewa unatozwa kama wenyeji. Hata Ghuba, tuliyozoea kuisifu kwa kutotoza mishahara, inabadilika: Oman imepitisha kodi ya 5% kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, itakayoanza 2028.

Kenya ilitangaza kibali chake cha wageni wanaofanya kazi kwa mbali, Class N, Oktoba 2024. Mgeni atakayekaa Diani zaidi ya siku 183 anaingia kwenye tafsiri ya mkazi ya Sura ya 470, sheria ya kodi ya mapato ya Kenya, kama mtu mwingine yeyote. Idara ya Uhamiaji na KRA wakae meza moja waandike jibu kwenye karatasi ya kibali yenyewe: unatozwa au hutozwi, kuanzia siku ya ngapi, na ritani unaipeleka wapi.