Pua Yangu na Bwawa la Afande

Mimi ni mtu wa Likoni. Nalisema hili mapema ili ujue kosa lilianzia wapi. Afande mstaafu aliponichukua kumwangalizia nyumba yake Muyenga, hapa Kampala, hakuuliza cheti wala barua ya chifu. Aliuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa. Akalitazama bwawa lake la kuogelea, akanitazama mimi, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kambini, "Basi wewe najua maji mzuri." Nikaitikia. Ningekataaje? Kijana wa pwani aambiwe anajua maji, aseme hapana?

Bwawa lenyewe si kubwa, lita 40,000 tu. Wiki ya Pasaka likaamka kijani, na wajukuu wa Afande walikuwa wanakuja Jumapili. Nilikuwa na jerikani ya klorini, dawa ya kusafishia bwawa, niliyoinunua dukani kando ya barabara, pale wanapozipanga nje tangu asubuhi hadi magharibi zikiota jua kama mihogo. Nikawa namimina kikombe baada ya kikombe, kikombe chenyewe kile cha bati chenye maua cha Mama, mke wa Afande, ambacho siku ya pili kilipotea na nikamsingizia paka. Maji hayakubadilika. Vyura ndio kwanza wakahamia na jamaa zao. Kumbe klorini ya majimaji haikai kama chumvi. Ikitoka kiwandani huwa na nguvu ya asilimia 10 hadi 12 hivi, na kuanzia siku hiyo inakufa polepole. Joto na mwanga vinaisukuma kaburini upesi zaidi, na kinachobaki sanasana ni maji na chumvi. Siku tatu nzima nilikuwa nawatilia vyura chumvi.

Jumamosi nikaapa sitaibiwa tena. Nikavaa suruali yangu nyeusi ya pamba, ile ya Ijumaa, nikashuka mjini hadi Kikuubo, kwenye maduka ya jumla. Ukienda Kikuubo umevaa kama mtu wa shamba utauziwa kama mtu wa shamba. Nikapata duka ambalo jerikani zake zimewekwa ndani kabisa, gizani. Muuzaji akafungua moja.

"Ssebo, nusa."

Nikanusa kama mnunuzi wa marashi. Machozi yakanitoka, pua ikafunga, mbele yangu nikaona wauzaji wawili. Akanitilia tone kidoleni, akaniambia nisugue. Likateleza kama sabuni. "Unaona? Kali!" Nikatikisa kichwa kitaalamu, nikalipa.

Leo najua kwamba pale sikupima kitu. Hata dawa ya kufulia nguo nyeupe, ambayo haifiki nusu ya nguvu ile, itakuliza ukiipelekea pua yote. Na ule utelezi hautokani na klorini. Ni ile soda kali wanayotengenezea sabuni, huwa wanaichanganya humo makusudi ili klorini isife haraka, nayo hubaki ikiteleza hata klorini yenyewe ikishakwenda zake. Jambo moja tu la maana lilikuwepo pale: ubavuni mwa jerikani palipigwa mhuri wa tarehe ya kutengenezwa, Jumatano ya wiki ileile. Nilisoma tarehe ile kama mtu anavyosoma kanga isiyo yake.

Tukapanda boda, dereva, mimi na jerikani ya lita 20 katikati kama mtoto mgonjwa. Kifuniko cha jerikani hizo huwa na tundu dogo la kupumulia, kwa sababu klorini ikikaa hutoa hewa, na ukiiziba kabisa jerikani hufura. Mimi sikulijua tundu hilo. Kufika Kabalagala, kwenye mashimo, nikasikia ubaridi pajani. Jana yake mvua ilinyesha, nikajua ni tope la barabarani.

Jioni nikamimina nusu ya jerikani, pampu ikizunguka. Baada ya saa moja nikachukua kile kichupa cha kupimia, nikateka maji, nikatumbukiza kidonge. Klorini ikiwepo maji yanakuwa ya waridi, na kadiri yanavyokoza ndivyo nguvu inavyozidi. Basi nikatazama. Waridi ikaja mara moja, hafifu, kama bibi harusi anayechungulia pazia, halafu ikatoweka. Maji meupe pe.

"Mwizi!" nikasema peke yangu. Nikamimina nusu iliyobaki. Nikapima tena, na safari hii hata bibi harusi hakuchungulia. Kichupa kilikuwa cheupe kama maji ya dafu.

Nikaenda kumwita Afande. Akaja na redio yake mkononi na ndala miguuni. Nikasimama mbele ya bwawa nikatoa hotuba. Nilimweleza habari za utapeli wa mjini, nikamweleza jinsi nilivyonusa kwa pua yangu mwenyewe, nikamwonyesha kichupa. "Afande, tumeuziwa maji ya bomba. Haki ya Mungu, maji ya bomba."

Afande hakukitazama kichupa. Alinitazama mimi, akaanzia kichwani, akashuka taratibu kama anakagua gwaride, akasimama pajani.

"Wewe Mombasa. Hii suruali nafanya nini?"

Nikainama. Kutoka kiunoni hadi gotini suruali yangu ya Ijumaa ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa bovu, na madoa meupe juu yake kama ndege kanga. Mshono peke yake ndio uliobaki mweusi, uzi ule wa poliesta, umenyooka katikati ya uharibifu kama barabara ya lami jangwani. Nilikuwa nimetembea na ushahidi mguuni tangu mchana, na hapo nilikuwa nimemtolea kiapo mwenyewe.

"Maji ya bomba nakula suruali?" Afande akauliza, akazima redio ili asikie jibu vizuri.

Asubuhi yake akaitwa fundi wa pampu, mzee wa Kikongo tunayemwita Papa. Nilipomweleza habari ya kile kichupa cheupe alicheka hadi akakaa chini. Klorini ikizidi sana huikausha hata rangi ya kidonge, kama ilivyofanya suruali, kwa hiyo kichupa cheupe ama hakina kitu ama kimepita kiasi. Akachukua kikombe kimoja cha maji ya bwawa, akakichanganya na vikombe tisa vya maji ya chupa, ndipo akatia kidonge. Waridi ikaja, ikakaa. Kwenye kadi ya kulinganishia rangi ilisoma 5, yaani miligramu tano kwa lita. Akazidisha kwa kumi.

"Ndugu, watu wanaoga kwa moja mpaka tatu. Weye uko na makumi tano. Iyi haiko pisini tena, ni beseni ya kufulia."

Saa sita wageni wakafika. Wajukuu saba, kila mmoja na boya lake, wakapanga mstari kando ya bwawa safi kuliko lote Kampala wasiloruhusiwa kuingia. Walinitazama mimi. Bahati yangu, bwawa lile haliwekwi ile dawa ya kuikinga klorini na jua, na jua la hapa ikweta halina huruma. Lile lile lililoiua jerikani yangu ya kwanza sasa nikawa naliomba lisijifiche nyuma ya wingu. Kila nusu saa napima. Ishirini. Kumi na mbili. Saba. Mtoto mmoja akaniletea soda akaniuliza kama mimi ni daktari wa maji.

Papa aliniachia bomba la sindano bila sindano. Jerikani mpya ikija, nichukue mililita 1 niitie katika lita 40 za maji ya mvua, ambayo hayana klorini ya bomba. Ni kama kumimina lita nzima bwawani. Kadi ikisoma 3, klorini ina asilimia 12. Ikisoma 1, niirudishe dukani na pua yangu.

Saa kumi na nusu ikasoma 3. Watoto wakaruka. Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba ungehesabu vigae vya chini kimoja kimoja, na mdogo wao akapiga mbizi, akakaa, akaibuka ameinua kitu juu kama kombe la ligi.

"Jajja! Kikombe cha maua!"

Mama akanitazama. Paka alikuwa amelala pale pale miguuni pake.