Nge wa Nane

Kodi ya miezi miwili ikikulemea, unajifunza kuishi kwako kama mwizi. Jumamosi ile mama mwenye nyumba alipogonga, tulikuwa watu watano chumbani, na taa ilizimwa kabla hajamaliza kusema hodi.

"Hodi humu!"

Kimya.

"Baba, najua umo. Hivi viatu jozi tano mlangoni ni vya nani, vya majini?"

Viatu! Hakuna aliyevikumbuka. Tukabana pumzi. Akasonya, kandambili zikaburuzika hadi upande wake wa uani, nasi tukawasha mshumaa mmoja na kuendelea kwa kunong'ona.

Tulikuwa tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja ni Msimulizi, ndiye anayesema mbele yenu kuna nini. Wengine kila mtu ni mhusika, na ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu yenye nyuso 20. Mimi, mwanaume wa miaka 31 na ndevu zangu, nilikuwa kuhani wa kike wa Isis. Usicheke. Kundi lilihitaji mtu wa kuponya majeraha, na mimi nilichelewa kufika siku ya kuchagua.

Kwenye dunia ya mchezo, Isis anaabudiwa katika nchi ya Mulhorand, ambako watu waliletwa utumwani na wachawi wa dola ya Imaskar, na miungu yao ikawafuata. Lakini waliotunga hawakuanza na ukurasa mtupu. Ni yuleyule Isis wa Misri, mama wa Horus, aliyezunguka akiokota vipande vya mumewe Osiris baada ya nduguye Set kumkatakata. Nami nilikuwa nimesoma habari zake hadi nikawa kero. Hata dadu sikuiacha: niliwaeleza wenzangu kwamba Misri ya zamani iliwahi kuwa na dadu za nyuso 20, zenye herufi za Kigiriki. Fundi simu akaniuliza kama zile za kwao nazo zilitoa 1 kila mara.

Usiku ule tulikuwa kwenye mabwawa ya mafunjo, na Msimulizi akaniachia nisimulie kisa cha nge saba. Isis anamkimbia Set, analindwa na nge saba. Anafika kwa mwanamke tajiri, anabisha hodi, tajiri anamfungia mlango. Binti maskini wa mabwawani ndiye anayempokea. Nge wanakasirika, sita wanampa mwenzao Tefen sumu yao yote, naye anapenya chini ya mlango wa tajiri na kumchoma mtoto wake. Mama mtu anatoka akilia mji mzima, hapati wa kumsaidia, hadi Isis mwenyewe anapomhurumia na kuiamuru sumu itoke.

Nilikuwa nimefika hapo kwa Tefen kupenya chini ya mlango. Nikanyoosha mguu kwenye mkeka.

Anayekaa Dodoma anajua nge. Asiyejua, achukue sindano ya kushonea magunia, aiweke kwenye moto, halafu ampe adui yake. Maumivu yalipanda kutoka kidole gumba hadi kwenye fizi. Na kupiga kelele siwezi, maana rasmi sikuwa nyumbani.

"Nge," nikanong'ona, macho yamenitoka.

"Wangapi?" akauliza Msimulizi.

"Mmoja! Amenichoma!"

"Ah, leo umeiva," akasema mwalimu wa hisabati, akapiga makofi bila sauti. "Ona mpaka jasho."

"Rusha dadu tuone kama sumu imeingia," akasema Msimulizi.

Sijui ni shetani gani alinishika mkono. Nilirusha. Ikaja 20. Wakakumbatiana. Kuhani wa Isis amepona kabisa, hana hata alama! Hapo mguu ukanipiga wimbi la pili, nami nikaachia sauti ambayo kila mwenye mama huiachia:

"Mamaaaa!"

Uani mlango ukafunguka.

"Abee! Nani kaniita?"

Aliingia na tochi, akamwona nge ukingoni mwa mkeka, akamaliza kazi kwa kandambili moja. Akanitazama. Akaondoka, akarudi na barafu mbili za ubuyu kutoka kwenye biashara yake, akachuchumaa miguuni pangu. Lakini hakuziweka.

"Kodi lini?"

"Mwisho wa mwezi, mama."

"Mwezi una jina."

"Bosi akisharudi safari..."

"Jina, baba."

Kuna kisa kingine ambacho pia nilikuwa nimekisoma. Isis alichukua mate ya mzee Ra, mungu wa jua, akayakanda na udongo, akafinyanga nyoka, akamtega njiani. Ra alipoumwa, Isis akamwambia: nitajie jina lako la siri nikuponye. Ra akazungukazunguka: asubuhi mimi ni Khepri, mchana Ra, jioni Atum. Isis akamjibu kwamba jina lenyewe halimo, na sumu ikazidi kuunguza. Nilipokisoma nilimwona Ra mpumbavu. Si aseme tu?

"Tarehe 5 Machi!" nikalia. "Yote! Kwa simu!"

Barafu ikatua kidoleni.

Bajaji ilinipeleka zahanati, mama mwenye nyumba kushoto, fundi simu kulia. Muuguzi aliniosha, akanichoma sindano ya ganzi, akauliza tulifanya nini cha kwanza baada ya kuumwa.

"Alirusha dadu," akajibu fundi simu. "Akapata 20."

Muuguzi akaacha kuandika.

Asubuhi nilikuta daftari la kodi dirishani, chini ya jina langu pameongezwa mstari: barafu 2, bajaji kwenda na kurudi. Na Jumamosi iliyofuata tulicheza tena. Safari hii viatu vyote tuliviingiza ndani, baada ya kuvikung'uta mara tatutatu.