Akili Mnemba na Elimu: Ahadi Zinapimwa kwa Kipimo Gani?

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa mazungumzo, ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, tumekuwa tukiahidiwa kwamba kila mtoto atapata mwalimu wake binafsi, asiyechoka, anayelijua kila somo na kulifafanua kwa mwendo anaoumudu mwanafunzi. Ahadi hiyo haistahili kubezwa, kwa sababu inagusa tatizo la kweli: mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuketi na kila mwanafunzi akatazama hesabu yake imepotoka wapi. Ninachokitilia shaka ni kipimo kinachotumika kutuaminisha kwamba tatizo hilo limeshapata ufumbuzi.

Watetezi wa teknolojia hii hurejea mara kwa mara kazi ya mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom ya mwaka 1984, iliyoonyesha kwamba mwanafunzi wa wastani akifundishwa peke yake aliwapita takriban asilimia 98 ya wenzake waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti za baadaye zilipata faida ndogo zaidi ya hiyo, jambo ambalo halitajwi sana. Hata hivyo, upande huo una hoja nzito kuliko hii: mtafiti Kurt VanLehn, alipopitia tafiti nyingi mwaka 2011, alikuta kwamba programu za kufundishia zinazomfuatilia mwanafunzi hatua kwa hatua zilikaribia kabisa kumfikia mwalimu wa mtu mmoja mmoja. Programu hizo hazikuwa na ufasaha wa lugha tunaoustaajabia leo, lakini zilimtaka mwanafunzi aifanye hatua mwenyewe, zikamwonyesha kosa, kisha zikamwachia alisahihishe.

Tofauti hiyo ndiyo iliyojitokeza katika jaribio lililofanyika Uturuki kwa karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari katika somo la hisabati, na matokeo yake kutolewa mwaka 2024. Kundi moja lilipewa programu ya kawaida ya mazungumzo, na jingine likapewa programu iliyowekewa masharti ya kutoa vidokezo bila kutaja jibu. Wakati wa mazoezi makundi yote mawili yaling'ara: la kwanza lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasiokuwa na msaada, na la pili kwa asilimia 127. Ulipofika mtihani, programu zikaondolewa, kundi la kwanza likapata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wanafunzi ambao hawakuwahi kuitumia. Kundi la pili halikuathirika hivyo, lakini pia halikuwapita kwa namna ya maana wale waliosoma kwa vitabu na daftari. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wanafunzi wa kundi la kwanza hawakuhisi kuwa wamejifunza kidogo.

Kwa hiyo shule inaposifu programu kwa kuwa kazi za nyumbani zimeboreka, au kwa kuwa wanafunzi wanaifurahia, inasifu kile kile ambacho jaribio hilo limetuonyesha kuwa hakiaminiki. Wala si mara ya kwanza teknolojia kuahidi kuibadili elimu: mvumbuzi Thomas Edison alitabiri mwaka 1922 kwamba filamu zingechukua nafasi ya vitabu vya kiada, na Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, ilhali tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 haikuona alama za hisabati na lugha zikipanda.

Upande wa pili, wa wanaoihofia teknolojia hii, nao una pupa yake. Kukimbilia programu za kubaini maandishi ya mashine kumewaumiza wasio na hatia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani waligundua mwaka 2023 kwamba zana hizo zilidhani zaidi ya nusu ya insha walizozipima, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, zimetungwa na mashine. Mwaka huo huo OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, iliiondoa zana yake yenyewe ya aina hiyo kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwanafunzi anayetuhumiwa kwa ushahidi wa namna hiyo hana njia ya kujitetea.

Katika lile jaribio la Uturuki, vidokezo vilivyoliokoa kundi la pili viliandaliwa kwa msaada wa walimu, waliojua wanafunzi hukosea wapi katika kila swali. Ujuzi huo unadai saa nyingi za mwalimu kabla programu haijawashwa, na saa hizo bado hazionekani katika hesabu za gharama ambazo wauzaji huziweka mezani.