Antena

Mimi na sindano hatujawahi kupatana. Siku ya chanjo shuleni nilijifungia chooni, wakanitoa walimu wawili na mlinzi. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia kwamba kipandauso changu kimeshinda vidonge, sasa nikajaribu tiba ya sindano za Kichina, nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaniwekea miadi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilijiandaa kama mtu anayekwenda kupimwa damu: sikutia kitu tumboni. Halafu, kwa kuwa nilisikia huko huangaliwa ulimi, niliusugua kwa mswaki mpaka ukawaka moto. Sikutaka aibu.

Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, mikono ya joto. Akaanza maswali: nalala saa ngapi, nikiamka usiku ni kwa sababu gani, napenda maji ya baridi au ya moto, choo napata kila siku? Kinachoniuma ni kichwa, choo kimeingiaje? Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akatulia kama mtu anayetegea sikio ugomvi wa jirani. Akahamia mkono wa pili, akategea tena.

"Toa ulimi."

Nikautoa kwa fahari. Akaguna.

"Umeusugua?"

"Kidogo tu, mama."

"Ule utando wa juu ndio niliotaka kuusoma, mwanangu. Wewe umefuta ubao. Na umekula?"

"Nimekula." Tumbo langu, lisilo na adabu, likanguruma papo hapo.

Hakubishana nami. Alileta chai yenye sukari nyingi na biskuti mbili, akasimama kando mpaka nikamaliza. "Wanaozimia hapa," akasema, "mara nyingi ni wenye njaa na wenye hofu. Wewe una vyote viwili."

Basi nikalala chali. Nilitegemea sindano za hospitali, kumbe zake ni uzi wa chuma, robo milimita hivi, hazina tundu maana hazitii dawa wala hazitoi damu. Kila moja hutoka kwenye paketi yake iliyofungwa, ikishatumika inatupwa. Huja na kijibomba cha plastiki: anakisimamisha juu ya ngozi, anagonga kichwa cha sindano kwa kidole, imekwisha. Mimi nilikuwa nimefumba macho na kuuma meno.

"Mama, ukiwa tayari kuanza niambie."

"Hii ni ya nne."

Ya tano ndiyo iliyonijibu. Aliiweka mkononi, pale penye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha kidogo. Si maumivu. Ni uzito, kama mtu amefukia jiwe ndani ya nyama, kisha ganzi ikatambaa kuelekea kiwiko. Nikapiga yowe. "Vizuri sana," akasema, kama mwalimu wa kwaya. Kumbe ndicho alichokuwa akikitafuta. Akaendelea na miguu, chini ya magoti, paji la uso. Nilihesabu kumi. Mwisho akanipapasa utosini, nikadhani ananibembeleza.

"Dakika 20, usitikisike." Akatoka.

Dakika ya tatu pua ikaanza kuwasha.

Nikakunja uso, sindano ya paji ikanikumbusha kwamba ipo. Nikapuliza kwa mdomo wa chini kuelekea juu. Nikajaribu kuifikia pua kwa bega, jambo ambalo naweza kuwathibitishia kwamba haliwezekani. Mwisho nikainua mkono polepole kama mwizi. Vidole vilipojikunja tu, nyama ikaibana ile sindano, jiwe likageuka nyundo. Nikaurudisha mkono kitandani kwa heshima zote. Pua ikawasha mpaka ikachoka yenyewe, na mimi, sijui saa ngapi, nikapitiwa na usingizi mdomo wazi.

Niliamka anazichomoa, na ile chai nayo inadai haki yake. Alipotupa niliyodhani ndiyo ya mwisho, nikaomba radhi nikatoka mbio kutafuta choo, nikikatiza katikati ya wagonjwa wanaosubiri zamu. Wote wakanikazia macho. Nikajisemea, tiba imefanya kazi, uso unang'aa. Nikawapungia mkono.

Mtoto mmoja akamvuta mama yake nguo.

"Mama, mjomba ana antena."

Nyuma yangu mlango ukafunguka. "Mwanangu, simama! Nimeweka 11, hapa nina kumi!"

Nikapeleka mkono utosini. Nikagusa kitu chembamba, kimesimama wima, kinacheza.

Zile biskuti mbili hazikutosha.